Kofia Juu ya Kisanduku

Kuna asubuhi moja ambayo hainitoki kichwani, mwanangu, na kila ninaposikia kwamba mmoja wenu ameingia chuo cha ufundi kusomea umeme, inanirudia yote. Nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya nyumba ya mzee mmoja kule Isinya, mbele ya mota ya pampu ya maji, bisibisi mkononi. Nyaya mbili nilikuwa nimeshazikaza. Waya wa tatu ulikuwa bado. Kisha nikasikia naitwa.

Nitafika hapo, usinikimbize. Nyinyi vijana mnapenda habari ianze kwa kishindo na iishe kabla chai haijapoa. Mimi ni fundi wa zamani, na fundi huanza kwenye swichi kuu.

Kwetu ni Ewuaso Kedong, kule bondeni, ambako wakati huo hata nguzo moja ya stima ilikuwa haijafika. Baba yangu alikuwa mtu wa ng'ombe, na mimi mwanawe wa kwanza nilitarajiwa niwe mtu wa ng'ombe vilevile. Nilipomwambia nataka kwenda kujifunza umeme alidhani natania. Alipoona sitanii, alisema maneno machache tu: kwamba mtoto anayeacha mifugo yake akafuate kamba za watu, basi na alale kwenye hizo kamba. Baada ya hapo alinyamaza. Miaka miwili mizima hakunitumia salamu. Mama alikuwa akinitumia maziwa ya mgando kwenye kibuyu, kwa mkono wa yeyote anayekuja huku, na kila mara nilimuuliza huyo mtu kama baba amesema neno. Hakuwa amesema.

Chuo chenyewe kilikuwa kidogo, hapa hapa Kitengela. Usifikirie Kitengela hii ya maghorofa na msongamano. Ilikuwa barabara, maduka machache na machimbo ya mawe, na mimi nilipanga chumba upande wa machimbo, mahali ambapo vumbi jeupe lilikaa juu ya kila kitu mpaka juu ya ugali. Darasani tulikuwa kumi na wanne. Wenzangu walitoka Kiambu, Machakos, Murang'a, walitaniana kwa lugha zao na kwa Sheng, na mimi Kiswahili changu kilikuwa kizito, nikifungua mdomo wanacheka. Hawakuwa wabaya. Ila mtu akichekwa kila siku hujifunza kunyamaza, nami nilijifunza haraka kuliko nilivyojifunza umeme. Jioni nilipika peke yangu, nikala peke yangu, nikalala nikisikiza mawe yakipasuliwa. Wakati mwingine nilijisalimia mwenyewe kwa Kimaasai ili nisikie tu mtu akisema "Supa."

Kuna jambo moja lilinisumbua kuliko mengine, na pengine utacheka. Kwetu kijana akikutana na mzee wa rika la baba yake huvua kofia, akainamisha kichwa, na mzee akamwekea kiganja utosini. Ndiyo salamu. Ukikulia ndani yake huioni kuwa kitu. Lakini kaa mji wa watu mwaka, miaka miwili, bila kiganja cha mtu kugusa kichwa chako, ndipo utajua. Nilikuwa na njaa ya ile salamu, sina neno lingine.

Mwalimu wetu alikuwa Mwalimu Gathogo, mtu mfupi wa Nyeri, mwenye vidole viwili vilivyokunjamana kwa kuungua. Hakupenda maneno mengi. Kazi zetu za kwanza zilikuwa kutindua kuta kwa patasi na nyundo, kukunja mabomba, kuvuta nyaya ndani yake, na kuunganisha taa mbili na swichi mbili kwenye ubao mpaka unaota ubao huo. Lakini alikuwa na sheria moja aliyoipenda kuliko zote, na kwa hiyo tulilazimika sote kuwa na kofia. Alisema fundi akifungua kisanduku cha umeme haachi kazi katikati. Kama ni lazima aondoke, hata kwa dakika moja, hata kwenda haja, anavua kofia yake na kuiweka juu ya kile kisanduku. Kofia ikiwa pale, hakuna mtu wa kugusa wala kufunga. Na mwenyewe akijishika kichwa akakuta kitupu, anakumbuka kuna kitu amekiacha wazi. Akirudi, kabla ya kuivaa, anashika kila waya na kuuvuta, mmoja mmoja, aone kama umekazwa. Ndipo anafunga. Ndipo anavaa kofia.

Wengine walimcheka kwa siri. Mimi niliipenda sheria hiyo, kwa sababu ilikuwa kitu cha kushika.

Mwaka wa pili, wakati wa likizo, Mwalimu Gathogo alipata kazi ya kuweka umeme katika boma la mzee mmoja karibu na Isinya, akanichukua mimi. Alisema anahitaji mtu atakayeweza kuongea na wenyeji. Sijui kama ndiyo sababu, au aliona nilivyokuwa nikikaa peke yangu wakati wa chai.

Mzee mwenyewe aliitwa Lemein. Alikuwa mrefu, sikio moja limekatika ncha, na alikuwa rika moja na baba yangu, ingawa katika Wamaasai yeye alikuwa wa upande wa Kaputiei na sisi ni wa Keekonyokie. Asubuhi ya kwanza nilipotokea langoni nilivua kofia bila kuambiwa. Akaweka kiganja chake kichwani kwangu, kizito, kikavu, na akaniuliza mimi ni wa nani. Nilibaki nimeinama chini ya kile kiganja. Mwalimu Gathogo alidhani sijasikia swali.

Wiki mbili tulizokaa pale zilikuwa kama niko nyumbani. Mzee Lemein alipenda kusimama nyuma yangu akiangalia. Siku ya pili alikuta kofia yangu juu ya kisanduku sebuleni nami nimeenda kuchukua msumari, akauliza ni ya nini. Nikamweleza sheria ya mwalimu. Aliifurahia kweli. Alimwita mke wake, Yeyo Nasieku, akamwambia wasimguse huyo mlinzi, yuko kazini. Tangu hapo kila akiona kofia juu ya kisanduku alikuwa akiisalimia, "Supa," na sisi tunacheka.

Sasa tufike kwenye asubuhi yenyewe.

Kazi ilikuwa imebaki mota ya pampu, ile ya kuvuta maji kutoka tangi la chini na kuyapeleka kwenye bomba la chuma, mpaka hori la bati nene ambalo ng'ombe walinywea. Mwalimu Gathogo alikuwa ameenda Kitengela kutafuta vifaa, akaniachia niunganishe mota. Mzee Lemein alikuwa ametoka siku iliyotangulia kwenda mnada wa ng'ombe Kiserian. Nilizima swichi kuu, nikafungua kisanduku cha mota, nikakaza waya wa kwanza na wa pili. Wa tatu, ule wa ardhi, wa kijani na manjano, nilikuwa nimeukunja pembeni nikisafisha kutu mahali pa kuufungia. Ndipo nikasikia sauti ya mzee kutoka langoni, ikiniita kijana kwa lugha yetu.

"Ero! Kuja. Baba yako anakusalimia."

Mwanangu, nilikimbia. Sikufikiri lolote. Nilikimbia na bisibisi mkononi na kofia kichwani, na nilipofika mbele yake nikaivua kofia nikaishika kwa mkono wa kushoto, nikainama. Mzee Lemein akaniwekea kiganja, akasema, "Hii ni ya baba yako." Walikuwa wamekutana mnadani. Walipojuana kuwa ni rika moja walikaa chini, wakazungumza, na ikatokea kwamba kijana wa stima ambaye Mzee Lemein alikuwa akimsifu ndiye mtoto ambaye baba alikuwa akimnunia. Baba aliuliza kama nakonda. Aliuliza kama hiyo kazi inaua. Mzee akamwambia mtoto wako ni mwangalifu, hata kofia yake huiweka ishike zamu.

Tulikaa, tukanywa chai, nikataka nisimuliwe tena na tena: alikuwa amevaa nini, alikuwa na fimbo gani, alicheka au hakucheka. Labda ilipita saa nzima. Niliporudi kwenye mota nilikuwa mtu mwingine. Nilikuta nyaya mbili zimekazwa sawasawa, mfuniko uko chini, na kofia yangu iko kichwani kama ya mtu aliyemaliza kazi. Nikaufunga mfuniko. Mwalimu aliporudi aliniuliza, "Umevuta kila waya?" Nikasema nimevuta. Akawasha, maji yakaruka, ng'ombe wakaja, watu wakapiga makofi.

Miezi mitano ikapita. Baba alianza kunitumia salamu, kidogo kidogo, za mtu mwenye haya. Mimi nilikuwa nikienda Isinya kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, nainama, nawekewa kiganja, nakula, narudi chumbani kwangu nikiwa nimeshiba kila mahali.

Kisha ng'ombe mmoja wa Mzee Lemein akafa. Aliitwa Mugie, wa kahawia, wa kizazi cha ng'ombe ambao mama yake Mzee Lemein alikuja nao siku ya kuolewa. Alienda kunywa maji asubuhi, akatia mdomo horini, akaanguka. Hakulia hata. Walidhani ni kimeta, wakamzika, hakuna aliyeonja nyama. Siku mbili baadaye Yeyo Nasieku akasema bomba linamtafuna vidole akilishika. Ndipo wakatuma neno chuoni, na Mwalimu Gathogo, ambaye siku hiyo alikuwa anaumwa mgongo, akanituma mimi.

Nilizima swichi kuu. Niliweka kofia juu, safari hii niliiweka. Nikafungua mfuniko, na nikauona ule waya wa kijani na manjano umekunjwa pembeni vilevile nilivyouacha, unang'aa, haujaguswa na mtu. Ndani ya mota umeme ulikuwa umepata upenyo ukaingia kwenye mwili wake wa chuma, ukapanda bomba, ukafika horini. Kama waya ule ungekuwa umefungwa, fyuzi ingekatika siku hiyohiyo na kila mtu angekuwa salama. Niliufunga, nikaenda kuwasha, na fyuzi ikakatika papo hapo. Hivyo tu. Jambo la dakika moja.

Nilikaa chini. Nilifikiria Mugie, halafu nikafikiria vidole vya Yeyo Nasieku, halafu wajukuu wao wawili ambao walizoea kuogea pale. Nitakuambia ukweli: baada ya hapo nilifikiria mimi mwenyewe. Nilifikiria cheti changu, na baba ambaye ndiyo kwanza ameanza kunisalimia, ambaye angesikia kwamba kamba alizozikataa zimeua ng'ombe wa rika lake. Na nilifikiria lile boma. Ndilo lililokuwa mahali pekee duniani, nje ya kwetu, ambapo kichwa changu kilikuwa na mkono wa kukigusa. Nikasema moyoni, nikisema ukweli, nitalipoteza.

Mzee alikuja akasimama nyuma yangu kama zamani. Nikamwambia mota imeungua, lazima ipelekwe ikasukwe upya nyaya za ndani. Hilo halikuwa uongo. Akaniuliza, pole pole, "Ni hiyo iliua Mugie?"

Nikasema, "Sijui, Mzee."

Akasema, "Haya." Kisha akaniwekea kiganja kichwani kuniaga, na kwa mara ya kwanza nilitamani akiondoe.

Sikurudi tena pale kwa miaka mingi. Mota iliposukwa niliituma kwa mwenzangu akaifunge, nikamwambia mara tatu juu ya ule waya mpaka akakasirika. Nilimaliza chuo, nikapata cheti, nikabaki Kitengela. Mji ulipoanza kupanda juu, nami nilipanda nao. Nyumba nyingi hapa, ukibonyeza swichi, unabonyeza mkono wangu. Niliitwa Fundi Kofia, na watu walidhani ni jina la sifa. Kazi yangu ilikuwa safi. Lakini sikuwa na rafiki, na sikutaka. Mtu akinikaribia sana nilihisi ataniuliza kitu.

Tena usidhani nilimkwepa Mzee Lemein peke yake. Yeye na baba walikuwa wamekuwa marafiki wa kutembeleana. Baba alinitumia ujumbe si mara moja: njoo twende pamoja Isinya, tukamshukuru yule mzee aliyekulea. Kila mara nilikuwa na kazi. Mara nina ghorofa la watu linalosubiri, mara sina nauli, mara mvua imekata barabara. Kwenda kwetu nako kukawa kugumu, maana baba angeuliza tena. Basi nikawa nakwenda Krismasi tu, siku moja, naondoka kabla hatujakaa wawili. Yaani nilinyamaza ili nisiwapoteze wale wazee, na kwa kunyamaza nikawapoteza wote wawili, nao wangali hai. Naandika hili sasa nikiwa na miaka hamsini na nne na bado linaniuma.

Mwaka wa tisa tangu Mugie afe, baba akafa. Kwenye mazishi nilikuwa nyuma ya hema nikihangaika na jenereta ya vipaza sauti, kwa sababu pale hakuna anayekuja kumliwaza mtu. Nikamsikia Mzee Lemein. Alikuwa amesafiri kutoka Isinya, anatembea kwa fimbo, macho yameanza kuingia ukungu, na alikuwa akiuliza mtu mmoja baada ya mwingine, "Yule wangu wa kofia ako wapi?" Mtu akamwambia labda nimeenda. Nilikuwa hatua kumi kutoka kwake. Nilibaki nimeinama juu ya ile mashine mpaka nikasikia fimbo yake ikienda zake.

Nilirudi Kitengela nikashindwa kula. Siku nne, tano. Nilikuwa nimemzika baba bila kukaa naye, na sasa nilikuwa nimemficha kichwa mzee aliyekuja kunitafuta kwenye mazishi ya baba yangu mwenyewe. Niliona aibu ambayo sikuijua. Jumamosi nikapiga moyo konde, nikaenda Isinya.

Nilimkuta amekaa kando ya lile hori, anasikiza ng'ombe wakinywa. Yeyo Nasieku aliniona kwanza, akaenda jikoni kuweka chai. Nilipiga magoti mbele ya mzee nikiwa na kofia kichwani, kwa sababu sikujiona wa kuivua. Nikamwambia yote. Waya wa tatu, chai, mfuniko, uongo niliomwambia mwalimu, na ile "sijui" yangu. Nikamwambia nitamletea mtamba badala ya Mugie. Hakunikatiza.

"Siku ile ulikuja kwangu na kofia kwa mkono," akasema. "Ulikuwa umenieleza kazi yake. Nilijua kuna kitu umeacha wazi kule nyuma. Nikasema moyoni, atarudi, wacha kwanza anywe chai, niko na habari tamu ya baba yake. Mimi ndio nilikuita. Mimi ndio nilikukalisha."

Nikamuuliza kwa nini basi hakuniambia, miaka hiyo yote.

"Nilikuuliza. Ukasema hujui. Nikaona kama nitakulazimisha, utasema kwa sababu ya kuogopa. Nikasema nitangoja akuje mwenyewe." Akapapasa fimbo yake. "Nimekungoja miaka tisa, enkerai ai, mtoto wangu. Ng'ombe nilimsahau zamani. Wewe sikukusahau."

Nililia, mwanangu, mtu mzima mwenye ndevu, mbele ya ng'ombe. Sikuona haya. Yeye aliniacha nilie. Kisha akaniambia niende nikaweke kofia yangu pale juu ya kisanduku cha pampu, halafu nirudi. Nikaenda. Mota ilikuwa ileile, na mtu alikuwa amekipaka rangi kile kisanduku. Niliweka kofia juu yake, nikarudi kichwa wazi, nikapiga magoti tena.

Mkono wake ulitafuta kichwa changu hewani, kwa vile macho hayakuwa yanaona vizuri. Niliushika nikauweka mahali pake.

"Hii ni yangu," akasema.

Akauinua, akauweka mara ya pili, akauacha hapo muda mrefu.

"Na hii ni ya baba yako. Alijua. Nilimwambia mwaka ule ule, makosa ya kwako na ya kwangu. Alisema mtoto wake akikuja kwangu kabla ya kwenda kwake, nimpe kiganja chake."

Baba alijua, mwanangu. Krismasi zote zile nilizokuwa nikikwepa macho yake, nikihesabu saa za kuondoka, alikuwa ameketi mbele yangu akijua, ananisubiri nifungue mdomo. Sina namna ya kukueleza upweke wa kugundua jambo kama hilo mtu akishazikwa. Tulikuwa wazee wawili na kijana mmoja, kila mtu kivyake na jambo lilelile, na maneno kumi yangetosha.

Mzee Lemein aliishi miaka minne zaidi. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi nilikuwa kwake. Mtamba alimkubali mwishowe, akamwita Kofia, na kizazi chake kiko pale mpaka leo.

Siku hizi naishi peke yangu tena. Mama watoto alitangulia, na watoto wenyewe wako mbali, wananipigia simu Jumapili. Jioni nyumba huwa kimya kweli, sitakudanganya kwamba nimezoea. Lakini nimeonja pande zote mbili, na najua kukaa peke yako si sawa na kukaa peke yako na jambo ulilolificha. Huku kwa kwanza mtu anaweza kubisha hodi, nawe ukafungua.

Sasa nikuambie ninachotaka ushike, wewe unayekwenda kujifunza kazi hii. Video zenu za simu zitakufundisha kuunganisha kila kitu, pengine vizuri kuliko Mwalimu Gathogo. Hazitakufundisha hili. Ukiwa na mkono ndani ya kisanduku, akija mzee, akija mchumba, ikija habari uliyoililia miaka miwili, sema kwa sauti ya heshima, "Nipe dakika, Mzee, niko na waya mkononi." Hakuna mzee wa maana atakayekasirika. Heshima yako itamfikia palepale ulipopiga magoti. Na kama huwezi kungoja, kwa kuwa moyo nao ni moyo, weka kofia juu, nenda ukafurahi, kisha urudi uvute kila waya.

Tena utakosea, hilo nakuhakikishia. Siku utakapokosea, nenda siku hiyohiyo. Usingoje upate maneno mazuri, wala usianze kujihesabia watu watakaokuacha. Nenda ukiwa bado unatetemeka, sema, "Ni mimi, sikuufunga." Yawezekana watakufokea, yawezekana utafukuzwa kazi. Lakini uliyemkosea huenda amekaa mahali kando ya hori lake, anasikiza mlango, na macho yake yanazidi kuingia ukungu.

Vua kofia yako sasa, hata kama uko mbali nami, inama kidogo. Enkai, Mungu wetu, akupe mikono mitulivu na macho yasiyochoka. Akulinde na kila waya ulio hai ndani ya ukuta usiouona. Akupe wazee wa kukungoja, na akupe miguu ya kuwafikia wangali hai. Usiku ukifika usikose mtu wa kumwambia ya mchana. Hii ni yangu, na ile nyingine ni ya Mzee Lemein, na ya tatu, maana niliachiwa nami niitoe, ni ya baba yangu.

Kwetu baraka huitikiwa hivi. Sema Naai.